Kiingereza cha Kushtaki, Kiingereza cha Kupatana

Novemba 2024, Gavana wa New York, Kathy Hochul, alitia saini kufuta kifungu cha mwaka 1907 kilichoufanya uzinzi kuwa kosa la jinai katika jimbo hilo. Kifungu chenyewe kilikuwa kimeshachakaa. Adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha miezi mitatu, na tangu 1972 walioshtakiwa kwacho ni kama watu kumi na wawili tu. Lakini habari ilipovuka bahari ikabadilika sura, ikawa "Marekani yahalalisha uzinzi". Katika kundi moja la WhatsApp nililomo haikuchukua muda ikabandikwa pamoja na orodha ya maneno ya Kiingereza cha siku hizi: poliamori (kuwa na wapenzi wengi kwa wakati mmoja, wote wakijua), ndoa ya wazi (wanandoa wanaoruhusiana wapenzi wa nje), mahusiano ya wengi kwa maadili, na kadhalika. Hapo zikatoka hukumu mbili. Ya kwanza, ya wahubiri wa kundi, kwamba Wazungu wameupaka uzinzi manukato na kuupa majina matamu. Ya pili aliituma mzee mmoja mwenye wake wawili, kwa kicheko kingi: kumbe hatimaye wameifikia mitala, karibuni, ila mmechelewa.

Hukumu zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zinayasoma maneno haya kana kwamba kazi yake ni kutoa ruhusa. Kwa karne nyingi Kiingereza kilikuwa na maneno tele ya kuwashtaki watu waliotoka nje ya ndoa, na karibu hakikuwa na neno ambalo watu hao wangelitumia kuzungumza wenyewe kwa wenyewe: kuulizana, kuwekeana masharti, kukataliana. Msamiati mpya ni jaribio la kuziba pengo hilo. Ni Kiingereza cha kupatana, kilichokuja kukaa kando ya Kiingereza cha kushtaki. Ukikisoma hivyo utaona nguvu yake ilipo, na utaiona pia kasoro yake, ambayo haiko pale wanapoitafuta wahubiri.

Tuanze na kile cha zamani, maana bila hicho hiki kipya hakieleweki. Sheria ya Uingereza ilikuwa na dai la madai lililoitwa kwa Kiingereza "mazungumzo ya jinai". Jina la ajabu, kwa sababu hakukuwa na jinai wala mazungumzo. Lilikuwa ni dai la mume dhidi ya mwanamume aliyelala na mkewe, na alichodai kilikuwa fedha. Sisi tunalijua kwa neno fupi zaidi: ugoni. Mke hakuwa mdai, hakuwa mdaiwa, na hakuruhusiwa kutoa ushahidi. Alikuwa ndiye kitu kilichoharibiwa, na mahakama ilikaa kukadiria hasara.

Februari 1782, mbele ya Jaji Mkuu Lord Mansfield, Sir Richard Worsley alimdai Kapteni George Bisset pauni 20,000 kwa kutoroka na mkewe, Seymour. Fedha hizo zingeweza kumfilisi Bisset mara kadhaa. Utetezi haukukana kwamba mke alitoroshwa. Ulimleta mhudumu wa nyumba ya kuogea huko Maidstone, naye akasimulia jinsi Worsley alivyombeba Bisset mabegani hadi dirishani ili amwone mkewe akimaliza kuoga, kisha akagonga mlango kumwarifu mke kwamba kuna mtu anamtazama. Wakaja na mashahidi wengine kuonyesha kwamba mume alijua mengi na alinyamaza. Juri wakampa Worsley ushindi, kwa kuwa kisheria mkewe alikuwa ametwaliwa, na fidia ya shilingi moja.

Hiyo shilingi moja ina somo kubwa kuliko mahubiri mengi. Ridhaa ilikuwepo mahakamani mwaka 1782. Sheria iliifahamu vizuri kabisa. Ila ilikuwa ridhaa ya mume peke yake, na kazi yake ilikuwa kupunguza bei. Hakuna aliyeuliza kama Seymour alipenda kuchunguliwa dirishani. Hakuna aliyeuliza kama wale watu watatu walikuwa na mapatano ya aina yoyote, kwa sababu hapakuwa na lugha ya kuulizia. Kulikuwa na "kuruhusu mke aharibike" na kulikuwa na "kuharibiwa mke", basi.

Miaka 54 baadaye, Juni 1836, George Norton alimdai Waziri Mkuu wa Uingereza, Lord Melbourne, pauni 10,000 kwa madai hayo hayo. Juri walimwachia Melbourne bila hata kuinuka kwenda kujadiliana. Waziri Mkuu akarudi ofisini. Mwanamke aliyetajwa, Caroline Norton, ambaye alikuwa mwandishi anayejulikana, alibaki ameumia jina mbele ya taifa zima bila kupewa nafasi ya kusema lolote kizimbani, na mumewe akamnyima watoto wake watatu wa kiume, jambo ambalo sheria ya wakati ule ilimruhusu. Kampeni yake ndiyo iliyochangia kupatikana kwa sheria ya malezi ya watoto ya 1839, iliyowapa akina mama nafasi ya kuomba kukaa na watoto walio chini ya miaka saba, mradi mama asiwe amepatikana na hatia ya uzinzi. Angalia jinsi neno lile lile lilivyorudi kupitia mlango wa nyuma.

Maneno ya mitaani nayo yaliufuata mkondo wa mahakama. Mume aliyesalitiwa alikuwa na jina lake la kejeli, lililotokana na yule ndege anayetaga katika viota vya wenzake. Jina la mke aliyesalitiwa lilikuwepo, likafa kwa kutotumiwa, kwa sababu yeye hakuonekana kuwa na kiota cha kuibiwa. Mwanamke wa pembeni alikuwa na majina kibao. Mwanamume wa pembeni alikuwa "mpenzi" tu. Sheria ya talaka ya 1857 ilifuta dai la mazungumzo ya jinai, lakini ikaacha fidia iendelee ndani ya kesi za talaka, na ikaweka mizani miwili: mume aliweza kumtaliki mke kwa uzinzi pekee, mke alitakiwa athibitishe uzinzi na ukatili au kutelekezwa juu yake. Mizani hiyo ilisawazishwa mwaka 1923. Fidia ikafutwa kwa sheria ya 1970. Uzinzi wenyewe uliondoka kama sababu ya talaka Aprili 2022, England na Wales zilipoanza kutoa talaka bila kumtafuta mwenye kosa. New York ya 2024 ni kituo kimoja tu katika safari hiyo ndefu. Na safari haijaisha: North Carolina hadi leo mtu anaweza kufungua kesi ya mazungumzo ya jinai na akalipwa.

Sasa huku kwetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilipitishwa mwaka 1971, mara tu baada ya Waingereza kuifuta fidia ya ugoni kwao. Tanzania iliibakiza, na ikafanya jambo ambalo Waingereza hawakuwahi kulifanya: kifungu cha 72 kinampa mume au mke haki ya kumdai mgoni. Kwa hiyo tunapowacheka Wamarekani kwa kufuta sheria ya uzinzi, tukumbuke kwamba hii yetu si ya mababu. Ni nguo ya mitumba kutoka London, tuliyoishona upya ili iwaenee wote wawili.

Kile Kiingereza kipya kilizaliwa mbali na mahakama, na wakunga wake hawakuwa watu wa heshima za kijamii. San Francisco, kuanzia 1971 hadi 1991, kulikuwa na jumuiya iitwayo Kerista. Wanachama waliishi katika makundi ambayo kila mmoja alikuwa mwenza wa wote wa jinsia nyingine ndani ya kundi lake, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje ya kundi. Waliuita mpango huo uaminifu wa wengi. Walikuwa na ratiba ya zamu za kulala, ya haki na ya mzunguko, ambayo mwanamke yeyote wa ukewenza pwani angeielewa bila kufasiriwa. Walikuwa pia wafanyabiashara hodari wa kompyuta za Macintosh, kwa hiyo ile picha ya wavivu wenye nywele ndefu haiwatoshi. Kwao ndiko lilikotoka neno kompesheni, maana yake ile furaha mtu anayoipata akimwona mpenzi wake anafurahi na mpenzi mwingine. Unaweza kukataa kwamba hisia hiyo ipo. Lakini huwezi kuniambia kwamba ni neno la kuficha uzinzi, maana mwizi hahitaji jina la furaha ya aliyeibiwa.

Mwaka 1990, Morning Glory Zell-Ravenheart, wa kikundi cha wapagani wa kisasa huko California, aliandika katika jarida lao la Green Egg makala iliyolitia mzungukoni neno la kuwaelezea watu wenye wapenzi wengi kwa wakati mmoja na kwa uwazi. Mwaka 1992 likafunguliwa jukwaa la majadiliano kwenye mtandao wa Usenet lenye jina la poliamori, na hapo ndipo wahandisi na wanafunzi waliokuwa na intaneti enzi hizo wakaanza kuyachonga maneno mengine. Kamusi kubwa ya Oxford ililiingiza neno hilo mwaka 2006. Neno lenyewe ni chotara, nusu Kigiriki nusu Kilatini, na wenyewe hutaniana kwamba dhambi pekee ya poliamori ni hiyo ya kuchanganya lugha. Televisheni nayo ni chotara wa aina hiyo hiyo, na hakuna aliyeikemea kwa sababu hiyo.

Ukiyachukua maneno yaliyofuata ukayatazama moja moja, utagundua kwamba mengi si maneno ya mapenzi. Ni maneno ya utawala. Kuna jina la mpenzi wa mpenzi wako, yaani mtu ambaye huna uhusiano naye ila ratiba yake inaathiri yako. Kuna jina la mwenza unayekaa naye nyumba moja, likimtofautisha na yule usiyekaa naye, bila kusema nani anapendwa zaidi. Kuna jina la mtandao mzima wa watu wanaounganishwa hivyo. Kuna jina la ule moto wa penzi jipya, linalotumika zaidi kama onyo: usiuze gari wala usihame nyumba ukiwa katika hali hiyo. Wahenga walishamaliza, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kuna mpango wa "usiulize, nisikwambie", uliokopwa kutoka sera ya jeshi la Marekani ya miaka ya 1993 hadi 2011 kuhusu wanajeshi mashoga, na wanaoutumia mara nyingi huambiwa na wenzao kwamba huo ni uwazi nusu nusu.

Yaliyo makali zaidi ni yale ya kukosoana. Mume na mke wakimtafuta mwanamke wa tatu atakayewapenda wote wawili sawasawa, asiwe na masharti yake, na aondoke kimya ndoa ikitetereka, mwanamke huyo huitwa kwa jina la yule farasi wa hadithi mwenye pembe moja, kwa kuwa hayupo. Na wao huitwa wawindaji. Si sifa. Kuna pia jina la dhihaka la sharti ambalo mume humwekea mkewe, kwamba awe na wapenzi wanawake tu, mwanamume abaki yeye peke yake. Na kuna jina la upendeleo ambao wanandoa wa mwanzo hujipa dhidi ya yule aliyekuja baadaye. Lugha iliyotungwa ili kutakasa isingejichongea silaha za kujichoma yenyewe namna hii.

Hapo ndipo hoja ya mzee wa kundi letu inapokwama. Mitala ni ndoa. Ina mahari, ina walii au ukoo, ina zamu, ina mke mkubwa na mke mdogo, ina watoto ambao ubini wao haubishaniwi, na ina mirathi. Mlango wake unafunguka upande mmoja tu. Afrika Kusini ilipochapisha mwaka 2021 waraka wa kujadili sheria ya ndoa uliotaja uwezekano wa mwanamke kuwa na waume wengi, baadhi ya wanaume waliokuwa wakiitetea mitala kwa nguvu zote ndio waliopiga kelele zaidi. Na kwenye suala la ridhaa, ambalo ndilo moyo wa msamiati mpya, mitala yetu haijatulia. Bunge la Kenya lilipojadili Sheria ya Ndoa mwaka 2014 liliondoa sharti la mke wa kwanza kuhusishwa kabla ya mume kuoa mwingine, wabunge wanawake wakatoka ukumbini, na Rais Uhuru Kenyatta akaitia saini Aprili mwaka huo. Tanzania mke anaweza kuweka pingamizi, kwa mfano akionyesha kwamba kipato cha mume hakitoshi na nyumba itataabika. Hilo ni pingamizi kwa msajili, ambalo ni tofauti kabisa na kuulizwa kwanza. Kwa hiyo mzee hajafikiwa na mtu. Yeye na watu wa San Francisco wanapishana barabarani, mmoja ana taasisi isiyouliza, mwingine anauliza bila taasisi.

Hoja ya wahubiri ni dhaifu zaidi. Wanasema neno huleta tendo: ukilipa jambo jina zuri, watu watalifanya. Kama ingekuwa hivyo, Kiingereza cha 1782, chenye majina mabaya matupu, kingewazuia akina Worsley. Huku kwetu "mchepuko", "nyumba ndogo" na "mpango wa kando" hayakutoka kwenye kamusi ya Oxford, na hakuna hata moja lililohitaji kitabu cha maadili ili lipate wateja. Tena maneno yetu hayo yana sifa moja ya pamoja: yote yanamtaja mtu wa pembeni kutoka upande wa mwenye siri. Nyumba ndogo haijiiti nyumba ndogo. Hakuna neno ambalo mke, mume na huyo wa pembeni wanaweza kulitumia wote watatu mezani bila mmoja kutukanwa. Wanaoogopa majina mapya wangetazama kwanza ni kiasi gani cha udanganyifu kinaendeshwa vizuri kabisa na majina ya zamani.

Kuna hoja nyingine, na hii sina jibu lake la kumaliza. Neno "maadili" katika mahusiano ya wengi kwa maadili ni nishani ambayo mtu hujivalisha mwenyewe. Mume mwenye kipato chote, mke mwenye watoto wawili na hana kazi, wakikaa "kujadiliana" kufungua ndoa, ridhaa itakayopatikana hapo ina uzito gani? Msamiati mpya umejengwa juu ya picha ya watu wazima walio sawa, kila mmoja na chumba chake, mshahara wake na mlango wa kutokea. Waliouchonga walikuwa hivyo. Ukiupeleka kwa watu wasiolingana, unageuka kuwa vazi la adabu juu ya amri. Na nimeona kwamba maneno yanayosafiri haraka kuja huku ni yale yenye kumfaa mwenye nguvu. "Tuko wazi" limefika. "Wawindaji" halijafika.

Tena msamiati huo ni maskini pale ambapo lugha ya mitala ni tajiri. Una majina ya kila kivuli cha wivu, ila hauna jina lililoenea la mtoto wa mpenzi wa mpenzi wako, ambaye umemlea miaka sita na ambaye kesho mama yake akihama hutamwona tena. Hauna neno la mjane wa pili. Wenyewe wamelitambua hilo, na ndiyo maana habari kubwa ya miaka hii imehamia kwenye manispaa. Juni 2020, mji wa Somerville, Massachusetts, ulikuwa unatunga kanuni ya kutambua wenza wasiofunga ndoa, kwa sababu janga la korona lilikuwa linawanyima watu nafasi ya kuingia hospitali na kushiriki bima ya afya ya wenzao. Diwani mmoja akauliza kwa nini iwe watu wawili. Mwandishi wa rasimu, diwani Lance Davis, akakosa jibu, akapitia maandishi na kubadilisha maneno machache, mahali palipoandikwa "wote wawili" pakawa "wote". Kanuni ikapita. Cambridge, mji jirani, ukafuata Machi 2021. Kanuni hizo hazimfungi mwajiri binafsi wala serikali ya jimbo, kwa hiyo tusizikuze. Mwaka 2022 jaji wa mahakama ya nyumba New York, Karen May Bacdayan, alikuwa na kesi ya mtu aliyeishi na mpangaji hadi mpangaji huyo akafariki, ilhali mume wa ndoa wa marehemu aliishi kwingine. Mwenye nyumba alimwita aliyebaki "mwenzake wa chumba tu". Jaji aliandika kwamba uhusiano wa watu zaidi ya wawili unaweza kustahili ulinzi ule ule wa familia, na akaagiza ushahidi zaidi usikilizwe. Kwa mtu yule, suala la anaitwa nani lilikuwa suala la atalala wapi.

Haya hayatabaki Marekani, ingawa sidhani yatatufikia kupitia halmashauri zetu. Yatapitia kifungu cha 72. Kifungu hicho, baada ya kumpa mume au mke haki ya kudai fidia, kinaelekeza kwamba dai litupwe endapo mdai mwenyewe aliridhia au alishiriki kuufanikisha ugoni huo: mabega ya Sir Richard Worsley, yamehamia kwenye sheria ya Tanzania. Siku moja mgoni atasimama mahakamani, atatoa simu, na kuonyesha ujumbe ambao mke alimwandikia mumewe, "sawa, ila sitaki kujua ni nani". Hakimu atalazimika kuamua kama hiyo ni ridhaa kwa mtu huyu au kwa yeyote, kama iliwahi kufutwa, na kama mwandishi wake aliitoa siku ambayo kodi ya nyumba ilikuwa inasubiri kulipwa na yule aliyeiomba. Wakili wa mgoni ataiita mapatano. Wakili wa mke atakuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu kila neno alilo nalo la kumwelezea mteja wake ni la mtu aliyeibiwa, na mteja wake hakuibiwa kitu: aliulizwa, akajibu, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.